Kichocho Hakiogopi Maji Maangavu

Shule zikifungwa mwezi Juni, simu huanza. Familia imetoka Dar es Salaam au Tabora, imekuja Kigoma kuwasalimu bibi na babu, na Jumamosi watoto wameahidiwa ufukwe. Swali ni lile lile, na muulizaji anataka kuambiwa ndiyo: "Daktari, si kweli kwamba Ziwa Tanganyika halina kichocho, maana maji yake ni maangavu?"

Si kweli. Nimechoka kulijibu kwa simu, basi leo nalijibu kwa maandishi.

Imani hii ina hoja yake ya kijiweni. Kichocho, watu husema, ni cha Mwanza na Ukerewe, ambako maji ya Ziwa Victoria ni ya kijani na yana tope. Sisi ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal, na ufukweni unahesabu kokoto chini ya miguu yako. Kwa hiyo ni safi, kwa hiyo halina ugonjwa. Hizo "kwa hiyo" mbili ndizo zinazotuletea wagonjwa. Kichocho hakizaliwi na tope. Kile cha tumbo kinahitaji mtu mwenye minyoo ambaye kinyesi chake kinafika majini, konokono wa aina yake, na mtu mwingine wa kuingia majini. Rangi ya maji haimo katika hesabu hiyo.

Anayebisha aje maabara. Tunachukua konokono aliyeambukizwa, yule mwenye gamba bapa lililojiviringa, upana wake kama sentimita moja. Tunamweka katika glasi ya maji safi na kuiacha penye mwanga. Baada ya saa moja au mbili maji bado ni maangavu, mwenye kiu angeweza kuyanywa. Yatazame kwa lenzi: yamejaa viluwiluwi vya minyoo ya kichocho, vyenye mkia uliogawanyika, vinapanda na kushuka. Konokono mmoja hutoa mamia, pengine zaidi ya elfu, kwa siku. Kiluwiluwi kikigusa ngozi huhitaji dakika chache tu kupenya, wala hakihitaji kidonda. Tena viluwiluwi vya kichocho cha tumbo hutoka kwa wingi jua likiwa kali, kuanzia saa tano hadi saa nane mchana. Ndiyo saa watoto wanapoitwa kula nao wanajifanya hawasikii.

Asiyeridhika na glasi atazame Ziwa Nyasa, lenye maji maangavu na kina kirefu kama letu. Hadi miaka ya 1980 fukwe zake za wazi zilihesabiwa kuwa hazina kichocho, na wageni waliogelea kwa raha zao. Mwaka 1992 Wamarekani wawili wa kujitolea walioogelea Cape Maclear, upande wa Malawi, waliugua kichocho kilichofika kwenye mfumo wa fahamu. Wageni wengine walipopimwa, walioambukizwa hawakuwa wachache. Watafiti waliofuatilia walinyooshea kidole uvuvi uliopunguza samaki wanaokula konokono. Maji hayakuwa yamebadilika rangi.

Na msiseme hayo ni ya Malawi. Gombe, kaskazini mwa mji wetu, ni hifadhi ya taifa tangu 1968. Haina kiwanda wala mtaro wa maji machafu, na vijito vyake vinashuka kutoka msituni. Nyani wa huko wamekutwa na kichocho cha tumbo.

Sasa tiba za mitaani. Kujipaka ndimu au mafuta ya taa baada ya kuogelea ni kufunga mlango mwizi akiwa ndani. Kujifuta upesi kwa taulo kunaweza kusaidia kidogo, lakini si kinga ya kutegemea. Kibaya zaidi ni hiki kipya cha kumeza prazikwanteli asubuhi kabla ya kwenda ufukweni, "ili dawa itangulie". Itangulie wapi? Dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, na haikai mwilini kungojea wageni. Minyoo michanga haiiwezi vizuri. Umemeza bure, kisha umejipa ujasiri wa kukaa majini kutwa nzima.

Sijasema mkae nyumbani. Chagueni mahali: konokono huyu hupenda maji yaliyotulia, penye majani, matete na midomo ya mito, hapendi kupigwa na mawimbi. Ufukwe wa mchanga na miamba kama Jakobsen una hatari ndogo kuliko ghuba yenye matete, ila ndogo si sawa na hakuna. Ingieni asubuhi, mtoke mapema. Maji ya kuwaogeshea watoto yachotwe na kuwekwa siku mbili, viluwiluwi vitakuwa vimekufa. Kuhusu mamba, waulizeni wavuvi wa pale pale. Mkipanda boti Kibirizi kwenda Gombe, kila mtu avae jaketi okozi, hata mjomba anayejua kuogelea, kwa sababu kusi la kiangazi halina urafiki. Asiyetaka kulowa aende Ujiji, kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871, kisha arudi kula migebuka. Na haja kubwa ni chooni, si nyuma ya mwamba, maana mzunguko wote unaanzia hapo.

Lililo kubwa ni kupima. Usiende hospitali kesho yake, mayai hayatakuwamo kwenye kinyesi. Subiri miezi miwili hadi mitatu. Ila homa, kikohozi au upele ukija wiki chache baada ya safari, nenda mara moja na umtajie daktari kwamba uliingia ziwani. Wa Dar hatakisia mwenyewe. Ikionekana minyoo ipo, prazikwanteli kwa kipimo cha uzito wako hutibu kwa siku moja. Ukiipuuza, minyoo hukaa miaka, ini likaharibika, na tunakuona tena ukitapika damu.

Atakayeogelea Julai, apime Septemba au Oktoba, hata akijisikia mzima.