Mali ya Migodi ya Kale Isipotee Bila Habari

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu umezoeleka miongoni mwa wenye maduka na makarani wa vyama vya ushirika, lakini safari hii tunapenda kuutumia kwa jambo ambalo wengi wetu hatulitazami kuwa ni mali hata kidogo. Nalo ni mawe yaliyolundikana kando ya migodi ya zamani na ya maduara yaliyoachwa, kuanzia Masumbwe na Nyakafuru, kupita Kahama, hadi Geita.

Msomaji wetu aliyeko Ukerewe, Kome au Maisome aweza kuuliza kwa haki kabisa: mambo ya mashimo ya Masumbwe yanatuhusu nini sisi wa ziwani? Tunajibu kwamba yanatuhusu sote. Vijana wengi wa visiwani huacha nyavu na kwenda machimboni kutafuta riziki. Baadhi ya vijito vya Geita huteremka hadi katika ziwa lile lile tunalolivua. Tena miamba yenyewe ni jamaa moja. Mawe makubwa ya visiwani, pamoja na lile jiwe linalocheza la Nyaburebeka katika kisiwa cha Ukara ambalo wageni huvuka maji kwenda kulitazama, na mawe ya kijani yabebayo dhahabu huko bara, yote ni ya msingi mmoja wa kale wa nchi hii, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Atakaye kuyaelewa ya upande mmoja hana budi kuyatazama ya upande wa pili.

Ujuzi wa mawe si mgeni katika nchi hizi. Masumbwe, mji ambao hadi mwaka 2012 ulihesabiwa katika Mkoa wa Shinyanga na sasa umo katika Wilaya ya Mbogwe, Mkoa wa Geita, uko katika nchi ya Wasumbwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kisumbwa walikwenda kwa miguu hadi Katanga kufuata shaba. Kutoka kwao alitokea Msiri, aliyejenga utawala wake huko na kuuawa mwaka 1891. Upande wa Geita, Warongo walikuwa mafundi mashuhuri wa kuyeyusha chuma, na mavi ya chuma waliyoyaacha ni ushahidi kwamba babu zetu walijua jiwe lipi lina kitu ndani yake na lipi halina.

Baadaye walikuja wengine. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966, nao ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu ya Afrika Mashariki ya wakati wake. Mwaka 1940 Mkanada John Williamson, mtaalamu wa miamba, aligundua almasi za Mwadui baada ya kuzitafuta kwa miaka kadhaa. Mwaka 1947 mgodi huo ukatoa jiwe la rangi ya waridi lenye uzito wa karati 54.5, ambalo alitunukiwa binti mfalme wa Uingereza, aliyekuja kuwa Malkia Elizabeth wa Pili. Jiwe lile lina historia iliyoandikwa, linajulikana lilikotoka, nani alilikata na linakokaa. Lakini mwamba uliolizaa, na maelfu ya aina nyingine za mawe yaliyopasuliwa na wafanyakazi wetu kwa jasho lao, ni mtoto gani wa shule ya Shinyanga au Geita awezaye kuyashika mkononi na kuyataja kwa majina?

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Lundo la mawe katika mgodi wa zamani ni kama maktaba iliyopinduliwa chini juu. Mchimbaji alishuka mita nyingi ambazo sisi hatuwezi kushuka, akatoa mawe ya kina kile, na yale yasiyo na faida akayatupa juu ya ardhi. Mwenye macho ataona humo mawe meupe ya kwatsi ambayo ndiyo mishipa ipitayo dhahabu, mawe ya kijani yaliyotokana na volkano za kale, mawe ya Geita yenye milia ya chuma yanayovuta sumaku, na vipande vyenye chembe za manjano zing'aazo ambazo humdanganya mgeni. Ukizigonga chembe hizo kwa nyundo husagika na kuwa unga, ilhali dhahabu hubonyea tu. Somo la namna hii halihitaji mitambo ya gharama. Linahitaji nyundo, sumaku, mwalimu na jiwe lenyewe.

La kusikitisha ni kwamba maktaba hii inatoweka siku hata siku. Bei ya dhahabu imepanda, na maarifa ya kuchenjua yameongezeka, hata mawe na marudio yaliyotupwa na wazee sasa yanarudiwa upya. Yanasagwa katika makarasha na kulowekwa kwa sayanidi, na kinachobaki ni tope la kijivu lisiloweza kusema lilitoka katika mwamba gani. Hatumlaumu mchimbaji mdogo kwa hilo, kwani anatafuta chakula cha watoto wake, na kuyarudia mabaki ni bora kuliko kuchimba shimo jipya. Tunachosema ni kwamba kabla ya lundo kuingia kinywani mwa karasha, taifa lichukue fungu lake dogo la elimu.

Yapo mambo mawili ambayo viongozi watatukumbusha, nao wana haki. La kwanza ni sheria. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 haimruhusu mtu kutafuta wala kuchimba madini bila idhini, na wenye leseni wana haki zao juu ya maeneo yao. Ni kweli pia kwamba wapo wanaojifanya wapenzi wa mawe kumbe ni wezi wa mawe. Lakini dawa ya hofu hiyo ni utaratibu. Mwalimu akiomba kwa barua, akaenda pamoja na ofisa wa madini, akachukua vipande vya ukubwa wa ngumi, vikapimwa na kuandikwa kabla ya kutoka, wizi utaingilia wapi? Wakati hakuna utaratibu, mwalimu mwenye nyundo na mwizi mwenye gunia hutazamwa na mlinzi kwa jicho moja, na aghalabu ni mwalimu anayerudi mikono mitupu.

La pili ni usalama, na katika hili hatutaki mzaha. Mwaka 2015, katika machimbo ya Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji walifukiwa ardhini, na watano walitolewa wakiwa hai baada ya siku 41. Mwaka 2017 wengine walinaswa chini ya ardhi Nyarugusu, Geita, kwa siku kadhaa kabla ya kuokolewa. Hao walikuwa watu wazoefu wa kazi. Basi mtoto wa shule asikaribie mdomo wa duara, seuze kuingia, kwani matimba ya zamani huoza na kingo humomonyoka bila kutoa onyo. Wala asichezee marudio, maana mengi yamechanganyika na zebaki, sumu ambayo Tanzania iliahidi kuipunguza iliporidhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Mawe yaokotwe juu ya ardhi, katika sehemu iliyokaguliwa, mchana na chini ya uangalizi.

Kwamba mgodi uliokwisha waweza kugeuka chuo, si ndoto. Huko Nzega, mgodi wa Golden Pride uliofunguliwa mwaka 1998, ulipokoma kazi, eneo lake lilikabidhiwa kwa ajili ya mafunzo ya Chuo cha Madini. Dodoma nako ipo Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1925, nayo inahifadhi sampuli za miamba na madini ya nchi nzima. Lakini Dodoma ni mbali kwa mtoto wa Ukara, na ni mbali pia kwa mtoto wa Masumbwe anayekaa juu ya mali yenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, ofisi za madini zikishirikiana na halmashauri ziainishe malundo ya zamani yaliyosalia, na katika kila moja zitenge kona ndogo isiyosagwa. Pili, kila shule ya sekondari katika mikoa ya Geita, Shinyanga na Mwanza, pamoja na za visiwani, iwe na sanduku la mawe. Shule za Mbogwe ziwapelekee wenzao wa Ukerewe mawe ya kijani, na wa Ukerewe warudishe mawe ya kisiwani. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, safari ya kwenda Geita imekuwa nyepesi zaidi. Tatu, kila jiwe liwe na kibandiko kinachotaja mahali lilipotoka, tarehe, kina kama kinajulikana, na jina la shule iliyoliokota.

Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote. Jiwe lisilo na kibandiko ni kokoto tu, hata likimetameta namna gani, bali lenye kibandiko ni shahidi. Ardhi hii imewatajirisha wengi waliojua kuisoma, na wengi wao walitoka mbali. Sasa ni zamu ya watoto waliozaliwa juu yake kupewa daftari, na wenye mamlaka ya kulifungua daftari hilo ni viongozi wetu. Tunawaomba walifungue mapema, kabla makarasha hayajamaliza kazi yake.