Kuwamba Nguo Kabla ya Kuchora Bahari

Nyumba ya Lamu ilipouzwa na mirathi kugawanywa, bibi yetu hakudai chombo wala fedha. Alitutaka sisi wajukuu wake, dada watatu tunaopenda kuchora, tumchoree bahari aliyokuwa akiiona kutoka darini kila asubuhi: mlango wa bahari, mikoko ya Manda ng'ambo, na majahazi yaliyotia nanga. Hakutaka watu ndani ya picha hiyo, wala punda, wala ndege. Mandhari isiyo na kiumbe mwenye roho ndiyo aliyoridhia katika chumba anachosalia hapa Mombasa, na hata hiyo akasema itundikwe ukuta wa nyuma, isimkabili katika swala.

Tulifanya haraka. Tulikata kipande cha marikani, tukakipigilia kwenye kiunzi, na siku ile ile tukaanza kupaka rangi za mafuta. Kwa wiki moja picha ilipendeza. Kisha buluu yote ikafifia kama majivu, na nyuma ya nguo ikaonekana duara ya manjano kuzunguka kila rangi, kwani pamba ilikuwa imeyanywa mafuta na kuuacha unga mtupu juu. Masika yalipoingia, kuvu likaota nyuma. Bibi, ambaye macho yake yamepungua nuru, aliigusa picha kwa kidole, na rangi ikabaki kidoleni. Akatuuliza kwa upole, "Wajukuu wangu, ukuta huu mliupiga lipu?"

Swali lake lilikuwa la mtu aliyekulia katika nyumba ya mawe ya matumbawe. Yeye aliwaona mafundi wakipaka chokaa tabaka kwa tabaka, kila moja ikingojewa ikauke. Chokaa huuacha ukuta upumue. Siku hizi wengi huuziba ukuta wa namna hiyo kwa saruji na rangi nzito, unyevu wenye chumvi ukakosa pa kutokea, na rangi ikabanduka magamba kwa magamba. Hatukuwa tumefikiri kwamba kipande cha nguo nacho kina haki ya kutayarishwa hivyo.

Rangi ya mafuta ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Haikauki kama maji yanavyokauka. Huvuta oksijeni ya hewa na kuwa ngumu. Mafuta hayo yakiingia katika nyuzi za pamba au kitani, huzila polepole mpaka nguo ikawa kavu na yenye kukatika. Ndiyo sababu pawe na kizuizi kati ya nguo na rangi. Wachoraji wa Venice, mji wa Italia uliojengwa juu ya maji, walilijua tatizo la hewa ya bahari mapema: picha zilizochorwa juu ya lipu ziliharibiwa na unyevu na chumvi, basi katika karne ya 16 wakazidi kuchora juu ya kitambaa kilekile cha matanga kilichojaa bandarini mwao. Wao waliipaka nguo gundi ya ngozi kwanza. Gundi hiyo hunywa unyevu, hufura na kusinyaa, na kuvu huipenda. Kwa pwani yetu hatuioni kuwa inafaa. Tulichagua jeso ya akriliki.

Safari ya pili tuliiwamba nguo kama ngoma inavyowambwa. Msumari wa kwanza hupigwa katikati ya kila upande, kisha mtu huelekea pembeni, akivuta upande huu na ule wa pili kwa zamu ili nguo isipinde. Tukapaka jeso nyembamba mara tatu. Ya kwanza kwa mlalo, ya pili kwa wima, na kati ya kila moja tukaisugua kwa msasa laini. (Jina hilo lenyewe ni la mti ambao majani yake makwaruzo yalisugulia mbao kabla ya karatasi ya dukani.) Tukaiacha siku kadhaa. Anayetumia hadibodi badala ya nguo aipake nyuma na kingo pia, la sivyo itajikunja.

Kuhusu brashi, tuseme wazi: nyingi za rangi ya mafuta hutengenezwa kwa nywele za nguruwe, ambazo ni najisi katika madhehebu ya Shafi yanayofuatwa na wengi wetu. Muulizeni muuzaji. Za nyuzi za nailoni zipo na zinafanya kazi vizuri.

Mji wa Lamu unatazama mashariki. Baada ya alasiri Manda huonyesha kijani chake chote, lakini asubuhi jua hutokea nyuma yake, mikoko ikawa kivuli kizito na maji yakang'aa kama fedha. Bibi aliizoea asubuhi, basi kijani tukakiweka kando. Kivuli cha mikoko tulikipata kwa kuchanganya buluu na rangi ya udongo uliochomwa, si kwa nyeusi ya kopo, ambayo huua mwanga. Mbingu tuliipauza kadiri ilivyokaribia upeo. Tabaka ya kwanza tuliizimua kwa tapentaini, na kila iliyofuata tukaiongezea mafuta kidogo, kwa kuwa tabaka kavu juu ya yenye mafuta hupasuka.

Akina mama, jihadharini na vitambaa vya kufutia mafuta ya kitani. Vikikunjwa na kurundikwa hupata joto vyenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Sisi huvianika nje vikiwa vimetandazwa, au huviloweka katika mkebe wa maji wenye kifuniko. Tapentaini itumike madirisha yakiwa wazi, mbali na watoto.

Picha tuliitundika ikiwa na vipande vya kizibo nyuma ya pembe zake, ili hewa ipite kati yake na ukuta. Vanishi haijapakwa bado. Itangoja miezi sita, pengine mwaka. Bibi aliipapasa tena kwa kidole kile kile, akakitazama karibu na jicho, kikawa safi. Kisha akasema kwamba maji tumeyajaza mno, saa ile aliyokuwa akiamka mara nyingi yalikuwa yamekupwa.