Mashine ya kuchonga mbao na kompyuta inayoifaa

Seremala wa Ndeeba au Bwaise, jijini Kampala, anayekusudia kununua mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, maarufu kwa herufi CNC, hushauriwa mara nyingi atafute pia kadi ya michoro yenye nguvu, kama zile za wacheza michezo. Ushauri huo humtoza fedha ambazo zingetosha kununua mbao.

Programu ya kuendesha mashine hufanya kazi mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kupeleka mapigo ya umeme kwenye mota. Katika programu ya Mach3, kasi ya kawaida ni mapigo 25,000 kwa sekunde, yaani nafasi ya mikrosekunde 40 tu baina ya pigo na pigo. Ya pili ni kuchora kwenye skrini njia itakayopitwa na kisu. Mchoro huo ni wa jicho la fundi, ubao hauujui. Ndiyo maana kwa kazi nyepesi Mach3 iliridhika na kadi yenye kumbukumbu ya megabaiti 32, na megabaiti 512 kwa mafaili makubwa ya nakshi za pande tatu.

Hatari haitokani na uhafifu wa picha. Hutokea pale uchoraji unapomnyang'anya prosesa muda wake. Kadi iliyounganishwa ndani ya kompyuta hukopa kumbukumbu kuu, na baadhi ya programu viendeshi vya kadi, hata za bei kubwa, huishika prosesa kwa kitambo. Pigo likichelewa, mota hupoteza hatua, ua la mlango huhama milimita kadhaa, na ubao wa mvule uliokwisha kulipiwa huwa kuni. Kompyuta za mapajani nazo hulaumiwa kwa sababu iyo hiyo: mifumo yake ya kuokoa umeme hukatiza kazi bila kubisha hodi.

Kipimo kipo, tena cha bure. LinuxCNC huwashwa kutoka kwenye diski ya USB bila kugusa mfumo uliomo, na ina jaribio la kupima ucheleweshaji. Liache liendelee kwa dakika kadhaa huku ukiburuta madirisha, ukinakili faili kubwa na kuchezesha picha za pande tatu. Ucheleweshaji wa juu ukibaki chini ya mikrosekunde 20, kompyuta hiyo, hata ikiwa kuukuu, inafaa sana. Kati ya 30 na 50 bado yawezekana. Ukifikia 100, isitumike kuzalisha mapigo yenyewe.

Hapo fundi hununua kidhibiti cha nje, kinachozalisha mapigo badala ya kompyuta. Picha ikikwama, kisu huendelea sawasawa. Kadi kubwa ya michoro ina mahali pake: kwenye kompyuta ya msanifu anayechora nakshi, mbali na vumbi la karakana.