Makufuli na Treni za Tabora

Msomaji wa Tabora anayetunza seva za ofisi ameuliza: kwa nini alipoondoa kadi ya mtandao kwenye mashine pepe moja, seva nzima iliganda na wala hakuna kilichoungua?

Haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja iwe kama nyingi, na hizo ndizo mashine pepe. KVM, iliyoingia ndani ya Linux mwaka 2007, ni mojawapo. Hayo yatosha. Utamu uko kwenye kufuli.

Ndani ya haipavaiza, orodha ya vifaa haiguswi mpaka ushike kufuli lake. Anayeondoa kadi hulishika, kisha humsubiri kibarua, yaani kijiprogramu kinachoihudumia kadi, amalize. Kibarua naye, ili amalize, anataka kufuli lilelile. Huyu anamngoja yule, yule anamngoja huyu, na wengine wanapanga foleni nyuma yao.

Kwa mtu wa Tabora mfano uko stesheni. Reli ya Kati ilifika hapo mwaka 1912, ikifuata kwa karibu njia ya misafara ya Bagamoyo na Ujiji, ikaingia Kigoma 1914. Ni njia moja: kipande kikiwa na treni, nyingine haiingii. Sasa tuseme Urambo hakuna pa kupishana. Treni ya kwenda Kigoma imeshika kipande cha Tabora hadi Urambo, inataka cha Urambo hadi Kaliua. Inayotoka Kigoma imeshika hicho, inataka kile. Kila dereva ametii sheria, na abiria wanalala porini. Hata wataalamu walianzia relini: Edsger Dijkstra, Mholanzi, alipobuni njia ya programu kupeana zamu miaka ya 1960, aliiita kwa jina la nguzo za ishara za treni.

Hali hii ya kungojana wengi huiita “mkwamo”. Neno hilo halitoshi. Lori kwenye tope la masika limekwama peke yake. Hapa wawili wamekwamishana. “Mkwamishano” ndilo sahihi zaidi, ila linajaza mdomo. Basi iwe mkwamano.

Tiba ni mistari michache: shika kufuli, futa kadi orodhani, achia kufuli, ndipo umngoje kibarua. Ukiachia kabla ya kufuta, mwingine atadaka kadi inayobomolewa.

Tangu 2006 Linux ina lockdep, kazi ya Ingo Molnár, inayokariri makufuli hushikwa kwa mpangilio gani na kupiga kelele mpangilio ukipinduka, hata kabla seva haijaganda. Msomaji aiwashe kwenye mashine ya majaribio tu. Ya kazini itakuwa nzito.