Ndoana, Mshipi na Fundo: Kumkabili Sangara wa Port Bell

Ghuba ya Murchison, ambamo bandari ya Port Bell ilijengwa, si mahali pa maji mengi kama huko kwenye visiwa vya Ssese. Hata hivyo sangara, ambaye wenyeji humwita mputa, huingia humo akiwafuata nkejje, na mtu aliyesimama ukingoni na mshipi mkononi hajui kama atakayemeza chambo chake ni samaki wa kilo 2 au wa kilo 40. Hapo ndipo ilipo taabu yote. Zana za mvuvi wa mapumziko hazina budi kutayarishwa kwa ajili ya yule mkubwa, ingawa aghalabu atakuja mdogo.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Nilinunua ndoana 10 za bei nafuu katika duka moja mjini, zing'aazo kama fedha. Jioni moja samaki aliuma, akauvuta mshipi kwa nguvu hata ukanichana kiganja. Katika dakika zile chache nilikwisha kumuuza moyoni mwangu: nusu kwa karo ya mwanangu, nusu kwa deni la unga. Kisha mshipi ukalegea. Nilipouvuta, ndoana ilitoka majini imenyooka kama msumari.

Ndugu zetu wa pwani wamvuao nguru hufunga waya mbele ya mshipi, kwa sababu meno ya nguru hukata kama wembe. Baadhi yao wahamiapo huku huja na waya zao. Kwa sangara haihitajiki. Meno yake ni madogo, yamesongamana kama msasa, nayo hayakati kwa mara moja bali husugua. Hatari iliyo kubwa zaidi ni kifuniko cha shavu lake, chenye miiba na ncha kali. Basi kinachofaa ni kipande cha mbele cha nailoni nene, ya milimita 1 au kuzidi kidogo, chenye urefu wa pima moja, hata kama mshipi mkuu ni mwembamba kuliko huo. Baada ya kila samaki, pitisha kipande hicho katikati ya vidole viwili toka mwanzo hadi mwisho. Ukigusa mkwaruzo, kata hapo ufunge upya. Usihurumie nailoni.

Mpangilio wenyewe ni huu. Mshipi mkuu hupitishwa kwanza katika tundu la chubwi la risasi, kisha katika ushanga mmoja (omba nyumbani, usichukue kwa siri), ndipo ufungwe kwenye swiveli, yaani kile kiungo kidogo cha chuma kizungukacho. Upande wa pili wa swiveli hufungwa kile kipande kinene, na mwishoni ndoana. Ushanga hulikinga fundo lisigongwe na chubwi. Nalo chubwi huachwa liteleze kwa hiari yake, kwa sababu sangara akiisha kunaswa huruka juu ya maji na kutikisa kichwa kwa hasira. Chubwi lililofungwa imara hugeuka nyundo, likaing'oa ndoana kinywani mwake. Swiveli nayo huzuia mshipi usisokoteke chambo hai kinapozunguka.

Palipo na tope laini chubwi huzama na chambo hufichika. Afadhali hapo kutumia boya, ili chambo kielee dhiraa moja au mbili juu ya tope. Lakini siku ambazo upepo umeyasukuma magugu maji hadi ukingoni, acha boya nyumbani, kwani utavua magugu matupu.

Kuhusu ndoana, wengi hutatizwa na namba. Namba tupu huenda kinyume: ya 9 ni ndogo kuliko ya 6. Zile zilizoandikwa kwa mkwaju na sifuri huenda mbele: 8/0 ni kubwa kuliko 5/0. Kwa chambo cha nkejje au kambare mchanga, 6/0 hadi 8/0 yatosha. Pitisha ncha nyuma ya pezi la mgongoni, juu juu, samaki aendelee kuogelea na ncha ibaki wazi. Sangara hafukuzi kwa kuuma-uma. Hufungua kinywa kipana akavuta maji na chambo pamoja, na ncha iliyozikwa ndani ya nyama ya chambo haitampata. Ikiwa ndoana yako ni ya aina ya duara, ambayo ncha yake imepinda kuelekea ndani, usiikurupue. Kaza mshipi polepole, nayo itajishika pembeni mwa kinywa.

Ukali hupimwa kwa ukucha wa dole gumba. Ncha ikiteleza, ni butu, itafutie tupa. Ikikwama, ni kali. Fundo nalo lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana nailoni kavu ikijisugua hupata joto na kudhoofika mahali pale pale unapoitegemea.

Nguvu ya jumla hupimwa nyumbani, kabla ya kushuka ziwani. Jirani yangu, koplo wa polisi, alinijia na ndoana mpya na swali lile lile lililonigharimu samaki wangu. Tulifunga mshipi wake kwenye boriti ya ukumbi, ndoana tukaitia katika mpini wa jerikeni ya lita 20 iliyojaa maji, ambayo ni kilo 20 na kidogo, tukaiacha ining'inie vidole viwili tu juu ya sakafu ili ikianguka isimuumize mtu. Watoto tuliwaondoa. Ndoana ya kwanza ilifunguka mbele ya macho yetu.

"Mwalimu, hii ningeipeleka ziwani!" akasema.

"Afande, mimi niliipeleka," nikamjibu.

Ya pili, nene zaidi na nyeusi, ilistahimili. Swiveli mbili kati ya tatu zilistahimili pia. Mke wake aliyekuwa akitazama mlangoni alitaka kujua zile zilizosalia zitawekwa wapi, nalo lilikuwa swali bora kuliko yetu, kwa sababu katika nyumba za kambini kitanda, jiko na kabati hukaa karibu sana na mtoto atambaaye. Tulizichomeka katika kipande cha soli ya kandambili kuukuu, tukazifungia ndani ya kopo lenye mfuniko. Ndoana ikimwingia mtu nyamani hadi kwenye kigingi chake, isivutwe kwa nguvu kurudi nyuma. Mpeleke zahanati, na kinga ya pepopunda iulizwe huko.

Jumapili iliyofuata tulishuka kwenye mwalo. Siku hiyo mama mkwe wa koplo alikuwa amewasili kutoka Soroti, naye alikwisha ahidiwa sangara wa mchuzi wa karanga. Tulikaa toka saa kumi. Karibu na magharibi mshipi wake ulikwenda, ndoana ikashika pembeni mwa kinywa, kila fundo likakaa. Nilikuwa na rula ya shule mfukoni. Kipimo cha chini cha sangara katika Uganda ni inchi 20, yaani kama sentimita 50. Huyu alikuwa na 46.

Koplo alimtazama samaki, akanitazama mimi. Mwaka 2017 jeshi liliingizwa ziwani kusimamia sheria hizi, na wavuvi wengi waliona mitumbwi na nyavu zao zikiteketezwa. Hakusema neno. Aliingia majini hadi magotini, akamshika samaki kwa mikono miwili hadi alipopata nguvu ya kupiga mkia.

Nyumbani kulikuwa na maharagwe. Mama mkwe alikula, akashukuru, kisha akauliza mbona suruali ya mkwewe imelowa.