Mji Ulipopokea Wageni

Wazee wetu husema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo naliijua tangu utoto, lakini maana yake niliionja mwaka 2023, mji wetu mkuu wa Kinshasa ulipopokea vijana wa mataifa mengi kwa Michezo ya nchi zitumiazo lugha ya Kifaransa. Ilianza tarehe 28 Julai, ikaisha tarehe 6 Agosti. Ilikuwa Michezo ya 9 tangu ile ya kwanza iliyofanyika Moroko mwaka 1989, na ilikuwa mara ya kwanza kuchezwa katika Afrika ya Kati.

Mimi ni mwalimu huku Kisangani, na mwaka ule furaha ilikuwa mbali nasi. Tangu mwezi wa Februari, Wambole na Walengola, watu walioishi jirani miaka mingi, waligombana juu ya ardhi hata damu ikamwagika. Ng'ambo ya mto, upande wa Lubunga, nyumba zilichomwa moto, watu wakakimbia na watoto mgongoni. Darasani kwangu walikuwamo wavulana wawili, mmoja wa kabila hili na mmoja wa kabila lile, waliozoea kukaa dawati moja. Baada ya Pasaka hawakukaa tena pamoja. Saa ya mapumziko mpira wetu wa matambara ulilala chini ya mwembe, maana wenzao nao waligawanyika, wala hapakuwa na aliyetaka kumpigia mwingine mpira.

Basi, nilipokwenda Kinshasa wakati wa likizo kumtazama mjomba wangu, sikuwa na nia ya kuona michezo. Nalisema moyoni: Kwetu watu wanazika, na huku wanapiga ngoma?

SHANGWE ZA MJI

Toka Kisangani hata Kinshasa kwa njia ya mto ni kilometa 1,700 na zaidi. Nalikaa siku 13 katika mashua ya mbao, kati ya magunia ya mahindi na vikapu vya samaki wa kukaushwa. Nilipotia mguu pwani, Lo! Mji ulikuwa umevaa nguo za sikukuu. Bendera zilipepea njiani, na vijana wa pikipiki, ambao watu wa Kinshasa huwaita wewa, walifunga bendera ndogo mbele ya vyombo vyao. Akina mama waliouza kwanga na samaki wa kukaanga waliongeza meza kando ya barabara. Watoto waliwafuata wageni wakiwaamkia kwa Kilingala, Mbote! Nao wageni wakajifunza kuitika vilevile, wakacheka pamoja.

Wageni walilazwa katika nyumba za wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kinshasa, huko juu mlimani. Kilichonipendeza zaidi ni hiki: katika Michezo hii medali hazipewi miguu na mikono tu. Wako wakimbiaji, wanajudo, na wapiganao mieleka ya Kiafrika. Lakini wako pia waimbaji, wachoraji, wachongaji, hata wasimulizi wa hadithi. Mtu aliyejifunza kusimulia mbele ya moto wa bibi yake huweza kurudi kwao na nishani shingoni, sawasawa na yule aliyewashinda wenzake kwa mbio.

Sitaki kuwaficha neno. Manung'uniko nayo yalikuwapo. Miji ya Moncton na Dieppe ya Kanada, iliyochaguliwa kwanza, ilikuwa imejitoa mwaka 2019 kwa sababu ya gharama. Na kwetu pia gharama zilipanda mno kupita makisio ya kwanza, tena kazi za ujenzi zilichelewa. Mwenye njaa ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Mjomba wangu aliuliza hivyo kila asubuhi, na kila jioni alivaa kofia yake akaniambia, "Haya, mpwa wangu, twende tukawaone wageni."

UWANJA WENYE JINA LA PADRE

Siku ya tatu alinipeleka kwenye uwanja uitwao Stade Tata Raphaël, ambapo kumbi mpya za michezo zilikuwa zimejengwa kwa ajili ya wageni. Jina hilo ni la Padre Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyezaliwa Ubelgiji mwaka 1890, akafa mwaka 1956. Alifungua shule nyingi, na wanafunzi akawafundisha pia kucheza mpira, akijua kwamba kijana asiye na kiwanja hutafuta michezo mingine iliyo mibaya. Uwanja ule mkubwa ulifunguliwa mwaka 1952 kwa jina la mfalme Baudouin. Mwaka 1967 ukaitwa 20 Mai. Na baadaye ukapewa jina lile ambalo watu walimwita yule padre, Tata, yaani Baba.

Tulipoketi, mjomba akaninyoshea kidole mahali fulani majanini. "Pale," akasema, "ndipo alipoanguka Foreman."

Akanisimulia usiku wa kuamkia tarehe 30 Oktoba 1974. Yeye alikuwa na miaka 18. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, alikuja kupigana na George Foreman, bingwa wa dunia, mwenye miaka 25, ambaye hakuwa ameshindwa hata mara moja. Mpambano ulikuwa ufanyike mwezi wa Septemba, lakini Foreman alipasuka juu ya jicho katika mazoezi, ukaahirishwa. Wanamuziki waliokuwa wamealikwa hawakungoja: kwa usiku tatu Miriam Makeba, James Brown, Franco na Tabu Ley waliimba katika uwanja uleule.

Ali alijipatia mioyo ya watu upesi, kwa kuwa alikimbia asubuhi barabarani na watoto nyuma yake, akazungumza na kila mtu. Foreman alikuja na mbwa mkubwa, wala hakujua kwamba wazee wakimwona mbwa wa namna ile huwakumbuka mbwa wa polisi wa ukoloni. Mpambano ulianza karibu saa kumi ya usiku, ili watu wa Marekani wautazame jioni kwao. Uwanja mzima ulipiga kelele, Ali, boma ye! maana yake, Ali, muue! Katika raundi ya 8 Foreman akaanguka. Haukupita muda mrefu, mvua kubwa ikanyesha.

Mjomba akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nami nilipiga kelele hiyo mpaka sauti ikakauka. Lakini, mwanangu, Foreman naye alikuwa mgeni wetu."

Nikamwambia nilichokuwa nimesoma. Foreman, miaka michache baada ya kushindwa, akawa mhubiri wa Injili, na yule aliyemwangusha akawa rafiki yake. Mwaka 1997 filamu iliyoeleza usiku ule wa Kinshasa ilipopewa tuzo Marekani, Ali, aliyekuwa amedhoofishwa na ugonjwa wa kutetemeka, alipanda jukwaani, na aliyemshika mkono ili asianguke ni Foreman. Ali alifariki mwaka 2016, na Foreman mwaka 2025.

KURUDI NYUMBANI

Mwezi wa Septemba, shule ilipofunguliwa, wanafunzi waliniuliza nimewaletea nini. Sikuwa na kitu ila mpira mmoja wa ngozi, zawadi ya mjomba, na habari ya mkono ule wa Foreman. Niliwasimulia. Kisha tukafyeka majani nyuma ya shule, nikagawa timu mbili kwa kura, si kwa kabila. Niliweka sheria moja tu: timu moja ni wenyeji, nyingine ni wageni, na kabla ya mchezo wenyeji wawape wageni maji ya kunywa, kesho yake wabadilishane.

Kura iliwaweka wale wavulana wawili upande mmoja. Siku ya kwanza hawakutazamana. Siku ya pili vilevile. Siku ya nne mmoja alijikwaa akaanguka vibaya, mwenziwe akamwinua kwa mkono, wala hakusema neno, mchezo ukaendelea. Dawati moja walilirudia karibu na Noeli.

Ugomvi wa ardhi hautatuliwi kwa mpira; una mahakama yake, una wazee wake, nao watimize wajibu wao kwa haki. Lakini ninyi wazazi, msingoje michezo ya mataifa ije Kisangani ndipo mjue kupokea wageni. Wapeni watoto kiwanja, hata kikiwa kidogo. Na jirani aliyekimbia kwake akipiga hodi, mtoto wenu na aone mnampa maji.