Istilahi za Kutengeneza Ncha ya Mtumbwi: Baina ya Kuchonga na Kuunda

1.0 Utangulizi

Maji yatokayo milima ya Usambara, upande wa Lutindi, huteremkia bonde la Mto Pangani, ambao hupita Korogwe na kuingia Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Makala haya yanajadili istilahi za kazi moja ijulikanayo sana katika mwambao huo, nayo ni kutengeneza ncha ya mtumbwi iliyooza au kuvunjika. Hoja yetu ni kwamba kazi hiyo huutoa mtumbwi katika uwanja mmoja wa msamiati na kuuingiza katika mwingine.

2.0 Kazi na Istilahi Zake

Mtumbwi huchongwa; jahazi huundwa. Kuchonga ni kupunguza gogo kwa shoka na tezo mpaka umbo libaki, ilhali kuunda ni kuunganisha mbao. Mtumbwi wa gogo moja hauna maungio, hivyo hauhitaji kalafati. Hata hivyo, ncha zake mbili, omo na tezi, ni dhaifu, kwani hapo nyuzi za mti zimekatika, hunywa maji na kupasuka juani.

Fundi huondoa sehemu mbovu mpaka afikie mti ulio mzima. Hakati wima bali hanamu, yaani mshazari, ili kipande kipya kishikane na mtumbwi kwa eneo kubwa. Katika useremala wa vyombo, urefu wa mkato wa namna hiyo aghalabu huwa mara 8 ya unene wa mti. Kipande kinachotiwa huitwa hasho. Hasho sharti iwe kavu, na nyuzi zake zifuate mwelekeo wa nyuzi za mtumbwi. Ikisha kupigiliwa misumari, ungio hutiwa kalafati ya pamba yenye mafuta, kisha hupakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa.

Kwa hiyo, mtumbwi uliochongwa sasa una ungio lake la kwanza, na pamoja nalo msamiati wa jahazi, likiwamo neno kalafati lenye asili ya Kiarabu. Ikumbukwe pia kwamba hanamu ni jina la sehemu ya omo ikatayo maji. Neno moja hutaja umbo la chombo na mkato wa kukiponya.

3.0 Hitimisho

Anayeziita hatua zote hizi “kutia kiraka” hupoteza maarifa yenyewe, kwani kiraka hufunika tundu, ilhali hasho huziba nafasi iliyokatwa kwa kipimo. Vyombo vya faibaglasi havitiwi kalafati wala hasho ya mti. Fundi aliyezoea hivyo pekee hana sababu ya kurithisha maneno haya. Inafaa basi yakusanywe pamoja na vitenzi vyake, kutoka kwa mafundi wangali kazini.